Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Jimbo la Haut-Katanga: bei ya dawa za kolesteroli ionekane

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimia kwa heshima kutoka komini ya Katuba, hapa Lubumbashi. Nakuandikia kuhusu vidonge ambavyo wazazi wetu wameandikiwa ili mafuta katika damu yasiwazibe mishipa.

Dawa ya malaria mtu huimeza siku tatu, akapona, na bei akaisahau. Ya kolesteroli humezwa mwaka hadi mwaka, na ukiiacha kolesteroli inapanda tena. Basi faranga chache zinazoongezwa kwenye kidonge kimoja hulipwa mara 365 kwa mwaka, tena kutoka mfukoni, maana wengi wetu hatuna bima yoyote.

Mara nyingi ordonansi, yaani karatasi ya dawa anayotoa daktari, huandikwa jina la biashara: Lipitor, Crestor. Mama anafika famasi ya mjini, anatajiwa bei kwa dola, ananunua plaketi moja, ikiisha harudi tena. Hakuna aliyemweleza kwamba dawa iliyo ndani ya Lipitor ni atorvastatini, na kwamba hataza yake, yaani haki ya kampuni moja kuitengeneza peke yake, ilikwisha Marekani mwaka 2011, hivyo leo viwanda vingi, vikiwemo vya India, huitengeneza kwa bei ya chini sana. Crestor ni rosuvastatini, nayo ina jeneriki, yaani dawa ileile isiyo na jina hilo la biashara. Simvastatini, ya zamani kuliko hizo mbili, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2007. Inaniuma kuona mzee anaacha tiba kwa kukosa pesa za jina lililoandikwa juu ya boksi.

Hata anayejitahidi kulinganisha bei hupotea, kwa sababu analinganisha boksi na boksi. Boksi moja lina vidonge 28, jingine 30. Na miligramu hazilingani kutoka dawa moja hadi nyingine: 5 za rosuvastatini hushusha kolesteroli karibu sawa na 20 za atorvastatini au 40 za simvastatini. Mtu akiona 40 anadhani ndiyo kali zaidi. Kipimo cha haki ni gharama ya mwezi mzima kwa kiasi alichoagiza daktari.

Siombi muuzaji abadilishe dawa apendavyo. Simvastatini, kwa mfano, haifai kabisa kwa anayetumia ritonaviri, dawa inayotumika katika tiba ya virusi vya UKIMWI, na uamuzi huo ni wa daktari. Naomba mgonjwa apewe dawa ileile, kwa kiasi kilekile, kutoka kiwanda cha bei nafuu.

Najua jibu la wengi: cha bei rahisi ni cha uongo. Hofu hiyo ina msingi. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, dawa moja kati ya kumi ni duni au ghushi. Lakini hata dawa zenye majina makubwa hughushiwa, kwa hiyo kulipa ghali hakumlindi mtu. Kinachomlinda ni wakaguzi wako kupita famasi za komini zetu za Kenya, Kamalondo na Ruashi, wakachukua sampuli zipimwe, kisha wananchi wakaambiwa matokeo.

Mheshimiwa, toa agizo kwamba kila ordonansi katika jimbo letu iandikwe jina la dawa yenyewe, na kwamba kila famasi ibandike ukutani, kwa faranga, bei ya kidonge kimoja cha atorvastatini, simvastatini na rosuvastatini pamoja na miligramu zake. Na angalau moja kati ya hizo ipatikane kila siku katika hospitali kuu ya kila zoni ya afya, ili mzee wa Kipushi au Kasenga asilipe nauli mpaka Lubumbashi kutafuta vidonge vya mwezi. Anza na bei za ukutani: hazihitaji bajeti, zinahitaji saini yako.

Kwa heshima,
Mkazi wa Katuba, anayemnunulia mama yake dawa