Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wakulima Wenzangu wa Mboga, Pemba

Assalamu alaykum, ndugu wanajumuiya.

Hesabu atazisoma mshika fedha. Tungule zilikubali, bei haikukubali, na hilo hamna asiyelijua. Ninalotaka kulieleza kwa kirefu ni macho.

Mwaka huu mwenzetu mmoja alipiga dawa ya wadudu tangu asubuhi, bomba linavuja, shati limemrowa mgongo mzima. Jioni macho yakaingia kiwi, jasho likamtiririka, mate hayakauki. Aliyemmulika kwa simu akaona mboni zimekuwa nukta, na maneno yakaanza papo hapo: huyu anatumia unga. Watu wake wakaona haya kumtoa nje. Hospitali alifikishwa usiku, akapigwa sindano za atropini, na Alhamdulillahi leo tumekaa naye hapa.

Unga kweli hukaza mboni, sibishi. Na aliyezidiwa na unga naye akimbizwe hospitali, kwani pumzi zake zaweza kukatika. Lakini yule husinzia tu. Aliyeingiwa na dawa ya shamba hutokwa na jasho, mate na machozi, huharisha, na misuli humcheza. Dawa kama profenofosi na klopirifosi huzuia kimeng'enya kinachozima ishara ya neva. Isipozimwa, msuli unaobana mboni haulegei.

Mboni ya mtu mzima huwa milimita 2 hadi 4 kwenye mwanga, na gizani hufikia 8. Basi mtazameni mtu chumbani penye mwanga hafifu. Ikiwa hata humo mboni ni nukta, msingoje kukuche. Vaeni glavu, mvueni nguo, mkosheni kwa maji na sabuni, mpelekeni pamoja na chupa ili daktari asome lebo.

Wazee wasitishike: mboni hupungua kwa umri, na matone ya pilokapini ya presha ya jicho huzibana. Ila ikiwa ndogo upande mmoja tu, jicho jekundu na linaumizwa na mwanga, muone daktari wa macho mapema, maana uvimbe wa ndani huweza kuigandisha mboni kwenye lenzi. Kope ikishuka ghafla upande huohuo, nendeni siku hiyohiyo.

Glavu ziko kwa katibu. Wengine mmezichukua mkazitundika ukutani. Mabomba yanayovuja yaletwe kabla ya vuli, fundi atalipwa na jumuiya.