Kadi ya grafiki haijafa, imekosa draiva

Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi wanaohama kwenda Windows 11 kutoka Windows 10, ambayo msaada wake ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, wasitupe kadi ya grafiki (sehemu ya kompyuta inayotengeneza picha za skrini) kwa sababu tu maandishi kwenye skrini yamekuwa makubwa na yenye ukungu. Mara nyingi kadi ni nzima. Mfumo mpya umekosa draiva inayoifaa, yaani programu inayouwezesha kuitumia kadi, ukaweka ya msingi inayoonyesha picha tu bila kutumia nguvu ya kadi.

Bonyeza vitufe vya Windows na X, fungua Device Manager, kisha Display adapters. Ukikuta Microsoft Basic Display Adapter, tatizo umelipata. Pakua draiva kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta, hasa kwa laptopu yenye kadi mbili, maana draiva ya jumla huweza kuvuruga zinavyopokezana kazi. Programu zinazojidai kusasisha draiva zote kwa mkupuo ziepuke kabisa!

Skrini ikiwa nyeusi, bonyeza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja: draiva huanza upya. Isiposaidia, ingia Safe Mode (hali ya kuwasha kompyuta kwa programu za msingi tu), ondoa draiva ya zamani, ndipo uweke mpya. Kurudi mfumo wa awali kwa kawaida huwezekana ndani ya siku 10 tu tangu kuhama, hivyo usifute folda ya Windows.old inayohifadhi mfumo huo.

Fundi wa kompyuta