Wamo kwenye bango, hawaonekani kwenye skrini

Mhariri,

Miaka yote nimesoma ukurasa wenu wa filamu na kunyamaza, lakini ile makala ya uwakilishi katika filamu za kutisha imenishinda. Mwandishi wenu amehesabu waigizaji weusi mmoja mmoja kama karani wa bandarini na magunia, akatoa alama, akaaga. Wameonekanaje? Hakuuliza.

Filamu inayotisha kwa kuchezea akili haina zimwi la kukimbiza watu. Hofu yote imo usoni. Uso usiposomeka, hakuna filamu. Na ngozi hazirudishi mwanga sawasawa: ukipima kwa kijivu cha wastani, rangi ya katikati ambayo mafundi hulinganishia mwanga, nyeupe hukaa kama stopu moja juu (stopu moja ni mwanga kuongezeka maradufu au kupungua nusu), nyeusi sana hushuka stopu moja hadi mbili. Wakae wawili hao meza moja usiku, taa ipangwe kwa ajili ya mweupe, mweusi atabaki macho na meno. Kisha tunaambiwa eti hiyo ndiyo hali ya kutisha! Kasoro hii ina baba na babu: kwa miaka mingi maabara zilisawazisha rangi za picha kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke mzungu. Fundi anayeijua kazi hampigi mweusi taa kali ya moja kwa moja. Anaielekeza kwenye kitambaa cheupe, tuseme mita 2 kwa 2, ili mwanga mpana urudi ubavuni mwa uso; anapunguza poda na kumpaka mafuta kidogo, maana umbo la ngozi nyeusi hujitokeza kwa mng'ao. Mweupe aliye kando anawekewa wavu mwembamba mbele ya taa yake, nusu stopu inaondoka. Anayesema "tutainua mwanga kwenye kuhariri" atavuna uso wa kijivu uliojaa chembechembe. Na nisiambiwe habari za bajeti: filamu ya kutisha Get Out (2017) iligharimu takriban dola milioni 4.5, na mwigizaji wake mkuu Daniel Kaluuya anapopumbazwa kwa kijiko na kikombe cha chai, uso wake unajaa skrini, machozi yote yanaonekana.

Lupita Nyong'o naye kasifiwa kwa filamu ya Us (2019) bila neno moja kuhusu sauti ya Red, mhusika wa kutisha aliyemwigiza, ambayo alisema chanzo chake ni ugonjwa wa misuli ya koo. Wenye ugonjwa huo walilalamika kuona sauti yao ikigeuzwa kitisho, naye akaomba radhi. Huo si uwakilishi?

Tena kuna kumbi zetu. Juzi katika ukumbi mmoja picha ilikuwa hafifu hata nywele na ukuta vikawa kitu kimoja. Huenda taa ya projekta imezeeka, huenda lenzi ya 3D, inayopunguza mwanga, haikuondolewa kwa filamu ya kawaida. Mhudumu kaulizwa, kajibu kwamba filamu ya kutisha lazima iwe na giza.

Basi mpeni mwandishi wenu mita ya mwanga. Akae katikati ya ukumbi, apime skrini nyeupe tupu kabla ya onyesho, na namba ichapwe kando ya nyota zake. Kiwango cha sinema ni kandela 48 (kandela ni kipimo cha mwanga) kwa mita ya mraba. Ikisoma 20, asihesabu mtu. Adai kiingilio chake.

Fundi taa,
Nairobi