Milinganisho ya Kiingereza: someni kabla ya zoezi la jioni

Habari za mchana, ndugu wanakikundi. Kwenye maswali ya "as … as", kivumishi hakibadiliki: "as brave as a lion", kamwe si "as braver as". Nomino ya umoja inayohesabika kwa kawaida hutanguliwa na "a" au "an": "as busy as a bee". Isiyohesabika haitaki: "as white as snow".

Tafadhali msitafsiri neno kwa neno. Mweusi kama mkaa ni "as black as coal". Ukiandika "charcoal" sarufi ni sahihi, lakini nahau umeivunja. Na "as cool as a cucumber" humaanisha mtulivu, haihusu baridi.

"Prefer", "senior" na "superior" hufuatwa na "to", si "than": "I prefer tea to coffee". Hapa tuwe makini sana.