Kwa nini tumekwambia ununue P2 mbili

Hapa kwenye duka letu la dawa, lalamiko hili kuhusu P2, dawa ya dharura ya kuzuia mimba, halikauki: "Nimeomba P2 moja, wakanihoji kama niko polisi, halafu wakataka ninunue mbili." Ukilitazama kwa nje ni ujanja wa mauzo, na hatukulaumu kwa kulifikiria hivyo. Ila angalia nani huambiwa anunue mbili. Tunauliza kwanza kama kuna dawa nyingine unatumia. Anayejibu hapana anauziwa moja na kwenda zake. Anayezuiwa ni yule aliye kwenye dawa za TB, za kifafa kama karbamazepini na fenitoini, au zile ARV za zamani zenye efavirenzi.

Sababu iko kwenye ini. Dawa ya kumeza ikitoka kwenye utumbo hupitia ini kabla ya kusambaa mwilini, na humo kuna vimeng'enya vinavyoivunja ili mwili uitoe. Kinachotushughulisha zaidi hapa kaunta kinaitwa CYP3A4, maana kinavunja dawa nyingi mno: amlodipini na nifedipini za presha, simvastatini ya kolesteroli, homoni za uzazi wa mpango, hata lumefantrini iliyo ndani ya mseto wa malaria. Sasa rifampisini, ile ya TB inayogeuza mkojo rangi ya machungwa, hulifanya ini litengeneze CYP3A4 kwa wingi. Homoni ya P2 ikiingia inavunjwa haraka, na inayobaki kwenye damu haitoshi kulizuia yai lisitoke. Ndiyo maana tangu 2016 mamlaka ya dawa ya Uingereza inashauri mwanamke aliyetumia dawa za namna hii ndani ya wiki 4 zilizopita ameze miligramu 3 za levonorgestreli, homoni iliyo ndani ya P2, badala ya 1.5 (yaani pakiti mbili badala ya moja), zote kwa mkupuo, ndani ya saa 72. Na bado hilo ni chaguo la pili. La kwanza ni kitanzi cha shaba, ambacho huwekwa ndani ya siku 5 na hakina homoni ya kuvunjwa na ini. Kitanzi hatuuzi, lakini ndicho tunachokitaja kwanza. Mwenye kutaka kukutapeli asingekuelekeza kliniki.

Njia ya mkato tunayoisikia sana ni hii: "Basi naacha vidonge vya TB siku mbili, nameza P2 moja, kisha naendelea." Haisaidii kitu. Vimeng'enya vilivyokwisha kutengenezwa haviondoki kwa siku mbili. Ini huchukua kama wiki 2 kurudi hali yake baada ya rifampisini kuachwa. Utakuwa umeokoa bei ya pakiti moja na kuwapa vijidudu vya TB nafasi ya kuzoea dawa, na TB sugu hutibiwa kwa muda mrefu na kwa dawa nzito zaidi. Kwa matumizi ya kila siku, vidonge vya majira na vijiti hupunguzwa nguvu vilevile. Sindano ya miezi 3 hustahimili.

Hali hiyohiyo iko kwa anayetumia dolutegraviri, ambayo ni ARV. Akianza dawa za TB huongezewa miligramu 50 za pili, saa 12 baada ya zile za kwanza, na haziachwi mpaka wiki 2 zipite tangu rifampisini iishe. Wapo wanaoiruka hiyo ya pili kwa kuona vidonge vimezidi. Siyo ya ziada hiyo.

Upande wa pili ni dawa zinazokikaba CYP3A4 kisifanye kazi: antibayotiki za eritromaisini na klaritromaisini, na ketokonazoli ya fangasi ya kumeza. Hizi hazingoji wiki, siku moja au mbili zinatosha. Simvastatini ikikosa wa kuivunja hurundikana, misuli inauma, mkojo unakuwa mweusi kama kola, na figo ziko hatarini. Tukikuomba tumpigie daktari wako ili usimamishe simvastatini siku za antibayotiki, au akubadilishie iwe azithromaisini, ni kwa sababu hiyo. Ndiyo, azithromaisini inaweza kuwa ghali kidogo. Kitanda cha wagonjwa wa figo ni ghali zaidi.

Warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, ina kimeng'enya chake, CYP2C9, nacho hukabwa na flukonazoli na metronidazoli. Kwa hiyo kidonge cha fangasi cha bei ndogo, au "Flagyl tu ya tumbo", kinaweza kukutoa damu kwenye fizi na puani. Ukilazimika kuitumia, INR, kipimo cha muda damu inaochukua kuganda, ipimwe mapema, ndani ya siku 3 hadi 5, usingoje tarehe ya kliniki.

Juisi ya balungi nayo hukaba CYP3A4, ila kwenye ukuta wa utumbo, na athari yake huvuka siku nzima. Kunywa juisi asubuhi na dawa jioni hakukwepi chochote. Chungwa tamu halina neno.

Kukagua dawa zako hatutozi. Tunachoomba ni usimtume mtoto na ganda tupu la kidonge. Piga picha pakiti zote, pamoja na za mitishamba, na utuambie ulizomaliza mwezi uliopita. Hizo za mwezi uliopita ndizo watu husahau: aliyeongezewa warfarini kwa sababu ya dawa za TB huhitaji kupunguziwa zikiisha, kwa kuwa ini likipunguza kasi, dozi ileile inakuwa kubwa mno.