Seva zetu za majina ziache kumwaga kila kitu

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na wasomaji wote. Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua niseme jambo ambalo wengi hawalioni maana liko chini kabisa ya intaneti, yaani zile seva za majina, DNS, ambazo ukiandika anwani ya tovuti ya shule au ya benki ndo zinakutafutia namba ya IP ya mashine yenyewe. Mi kazi yangu ni kuangalia seva za shule na vikampuni vidogo hapa Kampala na upande wa Mukono, na kitu kinachonichosha kila siku ni hizi seva zinazojibu swali la ANY kwa kumwaga kila kilichomo.

Maswali ya DNS yana aina zake. A unatafuta namba ya IP, MX unatafuta seva ya barua pepe, TXT maandishi. Halafu kuna aina namba 255, iko tangu RFC 1035 (RFC ni nyaraka za kanuni za intaneti) ya Novemba 1987, ndo hiyo ANY, unaiambia seva nipe vyote ulivyo navyo kwa jina hili. Enzi hizo haikumuumiza mtu. Siku hizi rekodi zimenenepa, hasa domeini iliyowekewa saini za DNSSEC, zile za kuthibitisha kuwa jibu si la kughushi, swali la baiti 64 linaweza kuvuta jibu la baiti 3,000 na zaidi.

Na DNS kawaida inatembea kwa UDP, njia ya kutuma pakiti bila kusalimiana kwanza, ambayo haihakikishi aliyeuliza ni nani. Mtu mbaya anatuma swali kaandika anwani ya mwingine kana kwamba ndo huyo anauliza, seva yako bila kinyongo inamtupia yule maskini jibu zima. Ni kama mtu ampigie simu muuza rolex (chapati ya mayai) wa Wandegeya aagize rolex mia zipelekwe kwa jirani ambaye hajui lolote, na muuzaji hata haulizi hela. Ukifungua logi unaikuta mistari imejipanga, anwani ileile, jina lilelile, ANY, ANY, ANY, kibao ndani ya sekunde moja, fundi mgeni anakimbilia kublok ile anwani akidhani kamkamata mwizi, kumbe huyo ndo anayepigwa! Machi 2013 Spamhaus, shirika linalopambana na barua taka, walishambuliwa kwa mtindo huu wa kutumia seva za DNS zilizoachwa wazi, ikaripotiwa kufika gigabiti 300 kwa sekunde. Na sisi wenye seva ndogo tunaotumika bila kujua, apulodi yote hiyo tunailipia sisi.

Sasa kuna wenzangu wakisikia hivi wanaenda kwenye faiawoli wanatupa kila swali la ANY, kimya, hakuna jibu. Hapo mi nakataa kabisa. Ukinyamaza, aliyeuliza kihalali anadhani pakiti imepotea njiani, anauliza tena, akikosa anaenda kwa seva yako ya pili na swali lilelile, kwa hiyo ulitaka kupunguza kelele umeziongeza. Hata kurudisha kosa hakusaidii sana, Cloudflare, kampuni kubwa ya huduma za DNS, mwaka 2015 walianza na njia hiyo wakaja kuiacha. Ilipotoka RFC 8482, Januari 2019, ikaruhusu kitu cha akili zaidi, jibu lakini jibu kifupi. Toa seti moja tu ya rekodi, yoyote, au tengeneza rekodi ya HINFO iliyoandikwa RFC8482 ndani yake, uipe TTL (muda wa kuhifadhiwa) ya kutosha, muulizaji ataiweka kwenye kashe, ghala lake la muda, na atakuacha upumue. HINFO yenyewe ilikuwa ya kutaja aina ya kompyuta na mfumo wake, jambo ambalo hakuna mwenye akili anataka kulitangaza leo, basi wamemfufua mzee wa watu kwa kazi nyingine. Hilo limenifurahisha kwa kweli.

Najua nitaambiwa ANY inasaidia kutafuta hitilafu. Inasaidia nini jamani, haijawahi kuahidi kukupa vyote. Ukiuliza seva ya kati, ya ISP (kampuni inayokuuzia intaneti) kwa mfano, inakupa kilichoko kwenye kashe yake saa hiyo, asubuhi MX peke yake, jioni A peke yake, halafu unakaa unashangaa barua pepe imekufa kumbe hata haijaguswa. Uliza aina unayoitaka, moja moja, ni sekunde chache. Programu za zamani za barua pepe kama qmail zilikuwa zinauliza ANY kabla ya kutuma barua, sawa, nazo zikipata jibu fupi zinaendelea na kazi, zikikutana na kimya ndo zinakwama.

Sisemi hii inamaliza mashambulizi. Ukifunga ANY watahamia DNSKEY, rekodi ya funguo za DNSSEC, au TXT nene, ndo maana lazima uweke pia kikomo cha majibu kwa kila anwani na usiiache seva ikimtafutia majina kila mpita njia wa dunia. Na ISP nao, maelekezo ya BCP 38 yapo tangu Mei 2000, pakiti inayotoka kwa mteja wa Kampala ikidai anwani ambayo si yake ifie mlangoni kwao, wangefanya hivyo wote mimi nisingeandika barua hii.

Ila cha kwetu tukifanye. Kwenye BIND, programu ya seva ya DNS, ni mstari mmoja tu ndani ya options, minimal-any yes, usipouandika haujiwashi wenyewe. PowerDNS, programu nyingine ya aina hiyo, ina any-to-tcp, inamwambia muulizaji arudi kwa TCP, na TCP inataka pande mbili zisalimiane kwanza kwa hiyo mwenye anwani ya kughushi anakwama hapo. Ukimaliza ijaribu seva kutoka nje ya ofisi, kwa dig, amri ya kuuliza DNS, lakini angalia, dig za siku hizi zikiona ANY zinapitia TCP zenyewe, na minimal-any inabana UDP tu. Ongeza +notcp, la sivyo utaona rekodi zote zimemwagika ukafikiri mstari haujafanya kazi ukaufuta.

Fundi wa seva,
Ntinda, Kampala