Barua kwa mwanangu: ile gia ya tano

Neema mwanangu,

Jumapili nilikaa pembeni yako safari nzima sikusema kitu, maana dereva mgeni akisemwasemwa hupotea barabarani. Sasa acha nikuandikie. Pale kilima cha Pugu, tukienda Kisarawe, ulikuwa gia ya tano, mshale wa resi (mizunguko ya injini kwa dakika) uko 1,200, mafuta umekanyaga mpaka chini. Gari likanguruma, usukani ukatetemeka, funguo zikawa zinalia pale zinaponing'inia. Nilipokutazama ukasema, "Nabana mafuta, baba, na injini haichoki."

Inachoka, mama. Tena hapo ndipo inapochoka.

Injini yako ni ya silinda nne, na kila silinda huwaka mara moja katika mizunguko miwili ya kranki, ule mhimili unaozunguka chini ya injini. Kwenye 1,200, silinda moja inawaka mara 600 kwa dakika. Ungerudi gia ya tatu, resi zikafika kama 2,000, ingewaka mara 1,000. Kilima ni kilekile, mwendo uleule. Kazi ya mapigo 1,000 umeitwisha mapigo 600. Kila pigo linamshukia pistoni, yule anayepanda na kushuka ndani ya silinda, kwa nguvu zaidi, naye analipeleka moja kwa moja kwenye beringi za kranki.

Beringi hizo hazitakiwi kugusana na kranki. Katikati kuna utando wa oili, mwembamba kuliko unywele, na kranki yenyewe ndiyo inayoutengeneza kwa kuzunguka: inaivuta oili na kuipandia. Ikizunguka polepole huku inapigwa kwa nguvu, utando unakonda, chuma kinaonja chuma. Kwenye droo yangu kuna nusu beringi ya ile Kenta niliyobebea saruji, ulikuwa ukiichezea utotoni. Itazame tena. Ngozi ya kijivu imelika katikati, shaba iko wazi, na ukipitisha ukucha unanasa. Injini ilinoki nikiwa na mzigo wa watu. Fundi alinilaumu pia kwa kuchelewa kubadili oili, sibishi, lakini miaka yote ile nilikuwa najisifu kijiweni kwamba nabana dizeli.

Muuza mkaa wa Pugu baiskeli yake haina gia. Kilimani hushuka akasukuma. Wewe unazo tano.

Ila usije ukakimbilia upande wa pili ukawa unalipigisha makelele kama bodaboda wa harusi. Resi zikizidi mara mbili, nguvu inayomvuta pistoni kila anapogeuka juu inazidi mara nne. Na asubuhi, gari likitoka kulala, hata kwa joto letu hili la Dar oili bado ni nzito. Mshale wa joto unapanda mapema kwa sababu unapima maji. Oili huja nyuma. Kilomita chache za mwanzo nenda kwa upole, usipite 2,500. Kuliacha linanguruma uani nusu saa, kama afanyavyo jirani yetu, ni kuchoma petroli tu.

Barabara ya Bagamoyo usiku, tambarare, mguu mwepesi, gia ya tano kwenye 1,500 haina neno. Ubaya ni mshale wa resi na mguu kuwa chini kwa pamoja.

Jumamosi njoo mapema, kabla foleni ya Gongo la Mboto haijafunga. Tutapanda Pugu tena. Funguo zikianza kulia rudisha gia mwenyewe, mimi nitakuwa natazama dirishani.

Baba yako